Mwanangu anaficha kinga ya meno ndani ya soksi. Nimwandikie mwalimu mkuu atolewe timu ya raga?

Hujambo mshauri,

Nina mtoto wa kiume wa miaka 15 aliye shule ya bweni hapa magharibi mwa Kenya. Anacheza raga, jezi namba tisa, yule anayetoa mpira kwenye skramu huku akipiga kelele kuwapanga wenzake waliomzidi mwili. Siuchukii mchezo wenyewe. Ninachochukia ni kuona nambari ya shule ikinipigia saa kumi jioni.

Simu ya kwanza ilikuja Februari mwaka jana, msimu umepamba moto, uwanja umekauka na nyasi zimebaki viraka. Alikuwa amemkaba kijana wa timu nyingine, kiwiko kikampata mdomoni. Jino la mbele la juu, la kulia, lilikatika kona, karibu theluthi nzima, na mdomo wa chini ukapasuka. Kipande hakikuonekana. Matroni alimpa dawa ya maumivu na maji ya chumvi ya kusukutua, mdomo ukashonwa nyuzi mbili zahanatini, na sisi tukawahi kwa daktari wa meno siku ya tatu. Alilijenga jino likapendeza. Ila alituambia meno yake ya juu yamechomoza, ndiyo maana yalitangulia kupokea kiwiko, akashauri afungwe nyaya za kuyarudisha nyuma.

Hapo ndipo hesabu ilipoingia. Nyaya ni shilingi 180,000, zinazolipwa kwa awamu, na sisi karo yenyewe tunaivuta kwa meno. Wifi yangu anayefanya kazi Doha akasema atalipa, kwa sharti kwamba mpwa wake asiguse raga tena. Mume wangu alikubali kwenye simu. Simu ilipokatika akamgeukia kijana: "Cheza tu, ila uvae kinga." Mimi nilinyamaza.

Kinga tulikuwa tumenunua Agosti duka la michezo, shilingi 900, ile ya plastiki inayochemshwa ilainike, kisha mtu anaiuma ishike umbo la meno yake. Nyaya zilipofungwa Septemba ikakataa kuingia, kwa hiyo Januari kabla ya kufungua shule tuliichemsha upya tukambana nayo juu ya nyaya zake. Wiki mbili hazikuisha, viwili kati ya vile vyuma vidogo vilivyobandikwa kwenye meno vikabanduka. Daktari alitulipisha kuvirudisha. Nikamgombeza kwa kutafuna mahindi choma.

Siku ya kutembelea watoto mwezi huu nilikuwa nakusanya nguo chafu zake, nikaikuta ile kinga ndani ya soksi, imetafunwa upande mmoja, ina vumbi na nyuzi za soksi. Nilipomuuliza alisema anaivaa "wakati mwingine". Binamu yake alinionyesha video ya mechi ya Jumamosi. Hakuivaa hata dakika moja.

Nimeandika barua kwa mwalimu mkuu nikimwomba amwondoe timuni kimyakimya, ionekane ni uamuzi wa shule. Sijaituma. Mume wangu akijua atasema namlea kijana kama yai. Mwanangu akijua hatanisamehe. Na kila Jumapili wifi hupiga simu kuuliza meno yanaendeleaje, nami hujibu "salama tu, anasoma".

Nisaidie. Nitume barua? Hizi kinga zinafanya kazi kweli au ni biashara? Na siku jino likitoka lote na mzizi, tutafanyaje? Tena kuna kitu kidogo kigumu kwenye mdomo wake wa chini ambacho hukichezea kwa ulimi tangu mwaka jana. Anasema ni kovu.

Mama Namba Tisa

*

Mama Namba Tisa, pole kwa mzigo huu, na ahsante kwa kutoacha kitu. Umeuliza juu ya barua, lakini ninachokiona kwenye maelezo yako ni watu watatu wa nyumba moja, kila mmoja ameshika siri yake. Kijana ameficha kinga. Baba amemficha dada yake ruhusa aliyoitoa. Wewe sasa unafikiria siri ya tatu, ya kuwaficha wote wawili. Jambo hili lina uzito wa kitabibu, si wa kifamilia peke yake, na nitaeleza kwa nini. Kwanza turudi kwenye soksi.

Umechukulia kwamba havai kwa jeuri, au kwa sababu wenzake humcheka. Huenda. Lakini soma tena ulichoandika: kinga ilipashwa moto upya na kubanwa juu ya nyaya, na ndani ya wiki mbili vyuma viwili vikabanduka. Plastiki ya kinga za kuchemsha ikilainika huingia chini ya vile vyuma na kuzunguka waya. Ikipoa inashika humo humo. Kijana anapoivua baada ya mazoezi anavuta plastiki, na plastiki inavuta chuma. Sijamwona mdomoni, na mahindi choma nayo hubandua vyuma, sitayatetea. Lakini ningemuuliza taratibu, bila hukumu: vilibanduka ukiwa unakula, au ukiwa unavua kinga? Kama ni kinga, basi mtoto alipata karipio kwa mahindi na akajifunza kwamba kuvaa kinga kunawagharimu wazazi wake pesa. Kuiweka ndani ya soksi kungekuwa, kwa akili ya miaka 15, ni kubana matumizi.

Kuna sababu nyingine hata vyuma visingebanduka. Kazi ya nyaya ni kusogeza meno. Kinga iliyochukua umbo la meno ya mwanzo wa Januari, kufikia mwisho wa Februari inabana pengine na kulegea pengine, na ikivaliwa muda mrefu inayavuta meno kurudi yalikotoka. Ndiyo maana baadhi ya kinga za kuchemsha huandikwa kwenye pakiti kwamba si za mtu mwenye nyaya, kwa herufi ndogo ambazo hakuna anayezisoma akiwa ameshika sufuria.

Na yeye ni namba tisa. Hiyo si nafasi ya kunyamaza. Kinga ya dukani mara nyingi huwa ndefu mno nyuma, inagusa kaakaa laini, mtu anahisi kutapika na hawezi kutamka vizuri. Alama ya kutafunwa upande mmoja uliyoiona ni ya kawaida kwa kinga isiyoshika: mchezaji huiuma ili isianguke, na kati ya vipindi huibeba shavuni akiitafuna. Kinga inayokaa vizuri hubaki kwenye meno ya juu hata mdomo ukiwa wazi kabisa. Mwambie afungue mdomo na ahesabu moja hadi kumi kwa sauti ya uwanjani. Ikianguka, au akishindwa kutamka "sita" na "saba", haimfai.

Umeuliza kama zinafanya kazi. Zinafanya, kwa kiasi chake. New Zealand walilazimisha wachezaji wa raga kuzivaa, kwanza vijana mwaka 1997, kisha wa ngazi zote mwaka 1998, na madai ya fidia ya meno yaliyoumia kwenye raga yalishuka kwa asilimia 43 kati ya 1995 na 2003. Plastiki hiyo hutawanya pigo lisiishie kwenye jino moja, huzuia meno ya chini kugongana na ya juu, na kwa mwenye nyaya hukinga midomo na mashavu yasichanwe na vyuma. Kwa mwanao faida hiyo ya mwisho ni kubwa, kwa sababu safari hii kiwiko kikimpata, mdomo utabanwa kati ya kiwiko na chuma. Lakini isihesabiwe kuwa ni dawa ya mtikisiko wa ubongo. Kofia laini za raga nazo hukinga masikio na ngozi ya kichwa, si ubongo. Wala kinga ya meno haifanyi lolote kwa pua, jicho au mfupa wa shavu.

Kuna njia tatu za kupata inayofaa.

Ya kwanza ni kinga za silikoni zilizotengenezwa kwa ajili ya wenye nyaya. Hazichemshwi, zina mfereji wa kupitisha vyuma, na meno yanaposogea haziyazuii. Bei yake inabebeka. Udhaifu wake ni kwamba hazishiki sana. Lazima aume kidogo, jambo linalorudisha tatizo la sauti.

Ya pili ni ya kutengenezewa. Daktari huchukua umbo la meno, humwaga plasta kupata sanamu ya kinywa, huziba nafasi za vyuma kwenye sanamu hiyo ili plastiki isinase, kisha hubana karatasi za plastiki ya moto juu yake. Unene wa milimita 3 hivi upande wa mbele na 2 hivi kwenye sehemu ya kuumia ndio unaolengwa mara nyingi. Ikiwa nyembamba zaidi faida hupungua, ikiwa nene zaidi hataivaa. Hii ndiyo inayoruhusu kupumua na kupiga kelele. Udhaifu ni bei, na kwamba meno yakisogea huenda ikahitaji kurekebishwa au kutengenezwa upya kabla nyaya hazijaondolewa. Kabla hajakaa kwenye kiti, uliza kama marekebisho yamo ndani ya bei au ni bili mpya kila mara. Uliza pia juu ya meno ya chini. Kama nayo yana nyaya, kinga ya juu pekee haiufuniki waya wa chini. Wengine huweka nta juu ya vyuma vya chini kabla ya mechi, na hiyo husaidia kwa dakika za mchezo.

Ya tatu ni ya muda, wakati mnasubiri. Mnunue ya kuchemsha ambayo pakiti yake inakubali nyaya, mfunike vyuma vyote kwa nta ya nyaya, ile wanayopewa wagonjwa kwa ajili ya michubuko. Nta iwe imejaa, isiwe vitone. Chemsheni maji, zimeni jiko, ingizeni kinga kwa sekunde zilizoandikwa kwenye pakiti na zisipitishwe, maana ikilainika kupita kiasi huwa nyembamba mbele, mahali penye kazi. Ipitisheni kwenye maji baridi sekunde moja au mbili ili isiunguze. Aiweke meno ya juu, aume taratibu bila kusaga, anyonye hewa ndani, huku wewe ukibonyeza mdomo wa juu na mashavu kwa vidole kutoka nje. Aisukume na ulimi upande wa ndani. Baada ya nusu dakika hivi itolewe, itiwe maji ya baridi dakika moja au mbili. Ikimfanya ahisi kutapika, punguzeni nyuma kwa mkasi hadi usawa wa gego kubwa la kwanza, kisha mlainishe ukingo. Mpeni siku chache aivae akiwa anasoma, robo saa kwa robo saa, kabla ya kuipeleka uwanjani. Watu wengi huivaa mara ya kwanza siku ya mechi, halafu wanasema haivaliki.

Kuitunza ni mambo machache: maji baridi na sabuni kidogo kila baada ya matumizi, kijisanduku chenye matundu, mbali na dirisha lenye jua na dashibodi ya basi la shule. Haiazimwi. Ikitoboka au ikipinda, imekwisha.

Sasa kucheza au kutocheza. Hapa sitakuamulia.

Kumtoa hadi nyaya ziondolewe kuna mantiki. Matibabu ya namna hii mara nyingi huchukua mwaka mmoja na nusu hadi miwili, na meno ya juu yakirudi ndani, hatari ya kuvunjika inapungua kwa miaka yote atakayocheza baadaye. Huo ni upande ambao sina uhakika kijana ameelezwa: kwamba nyaya zenyewe ni sehemu ya kinga. Hatari yake ni mbili. Ya kwanza, raga ya Jumapili nyuma ya mabweni haina kocha, haina orodha ya wachezaji na haina kinga, na huko mwalimu mkuu hafiki. Ya pili, meno hayavunjwi na raga peke yake. Mpira wa kikapu una viwiko vyake, gongo la hoki halichagui, na kuna ngazi, baiskeli, ukingo wa bwawa la kuogelea na kizibo cha soda kinachofunguliwa kwa meno.

Kumwacha aendelee na kinga iliyofaa kuna mantiki pia, mradi muikubali hatari inayobaki bila kujidanganya. Hapo ningezungumza na kocha kuhusu jambo moja la ufundi: kichwa kinakaa wapi anapokaba. Kichwa kikipita mbele ya mwenye mpira, uso unakutana na goti, nyonga au kiwiko. Kikiwa upande wa nyuma, karibu na makalio, bega ndilo linalopokea uzito. Namba tisa hukaba watu wakubwa wakiwa mbioni, na mdogo mwenye haraka hurusha kichwa upande ulio karibu. Video ile ya binamu ina matumizi: itazameni pamoja, mhesabu ni mara ngapi kichwa kilikuwa mbele. Huenda mkagundua kwamba kiwiko cha Februari hakikuwa bahati mbaya. Na uwanja mkavu una lawama yake. Anayeanguka uso kwanza kwenye ardhi ngumu huumia bila kuguswa na mtu. Mvua za Machi na Aprili zikilainisha uwanja, mpira unakuwa utelezi na makosa ya kukaba yanaongezeka, na matope huingia kwenye vidonda. Kidonda cha uso chenye mchanga kioshwe hadi kisafike kabisa, la sivyo ngozi hufunga juu ya uchafu na doa hubaki.

Katikati kuna njia ambayo vijana huikataa haraka, nayo ni kufanya mazoezi yote yasiyo na kukabana kwa wiki zile ambazo kinga inatengenezwa. Kupasi, kukimbia, kupiga mpira, raga ya kuguswa. Namba tisa ana mengi ya kufanya humo. Akijua kuna tarehe ya kurudi, si adhabu isiyo na mwisho, huenda akaimeza.

Na barua? Naelewa kwa nini uliiandika. Lakini niliahidi kueleza uzito wa siri. Jino la ukubwani likitoka lote, nafasi ya kulirudisha ni nzuri zaidi ndani ya dakika chache, bado ipo ndani ya nusu saa hadi saa moja, na baadaye chembe hai zilizo juu ya mzizi zinakuwa zimekufa kwa ukavu. Kijana anayeamini kwamba kila jeraha linaweza kumtoa timuni huficha. Atasema ni damu ya fizi tu. Atafunga mdomo hadi mechi iishe, kisha hadi kesho. Mwaka jana mlifika kwa daktari siku ya tatu bila mtu yeyote kuficha chochote. Ukituma barua kimyakimya na akajua, na shule za bweni hazina ukuta wa kuficha barua ya mzazi, utapata usalama wa muhula mmoja na huenda ukapoteza simu ya saa kumi jioni, ile unayoichukia, ambayo ndiyo inayookoa jino. Kwa upande mwingine, ukiona kwamba hatari ni kubwa mno na umeamua atoke, una haki hiyo kama mzazi. Swali ni kama atoke kwa mdomo wako au kwa kivuli cha mwalimu mkuu.

Ipo barua ya namna nyingine, ambayo inaweza kwenda kwa kocha na matroni ukiwa umeiandika mbele ya mwanao, hata kama hatacheza tena, kwa sababu ana nyaya na atabaki kuwa nazo bwenini. Iseme hivi: jino likitoka, lishikwe upande mweupe wa kutafunia, mzizi usiguswe wala kusuguliwa. Likiwa chafu lisuuzwe kwa maziwa, au kwa maji safi kwa sekunde chache tu. Kama ana fahamu zake na ametulia, lirudishwe kwenye shimo lake likitazama mbele kama awali, aume leso safi, aende kwa daktari saa hiyo hiyo. Wakishindwa kulirudisha, litiwe kwenye maziwa baridi. Pakiti moja ya maziwa kwenye sanduku la huduma ya kwanza ni bei ndogo kuliko chochote katika barua hii. Lisikaushwe kwa karatasi, lisikae kwenye maji, maana maji hupasua zile chembe za mzizi. Meno ya utoto hayarudishwi, iwapo kocha ana timu ya wadogo. Kipande kilichovunjika nacho kihifadhiwe hivyo hivyo, mara nyingi huweza kubandikwa tena.

Kabla ya jino, kichwa. Akipoteza fahamu hata kidogo, akichanganyikiwa, akitapika au akilalamika kichwa kinamuuma, hachezi tena siku hiyo na anaonwa na daktari. Meno yasipokutana alivyozoea, au mdomo wa chini ukifa ganzi, taya huenda limevunjika. Akae wima, aachie damu itoke nje asiimeze. Damu ya pua: ainame mbele, abane sehemu laini ya pua dakika 10 hadi 15 bila kuachia kuchungulia. Pua ikiziba pande zote mbili baada ya pigo na ndani kukiwa kumevimba, ionwe siku hiyo hiyo, kwa sababu damu iliyojikusanya hapo hula gegedu la katikati na pua hubonyea. Akiona vitu viwiliviwili, au jicho likakataa kuangalia juu, hospitali mara moja hata kama jicho lenyewe linaonekana jeupe na salama.

Nakuja kwa kile kitu kigumu kwenye mdomo. Umekitaja mwishoni kana kwamba ni kidogo. Jino lilivunjika, kipande hakikuonekana, mdomo wa chini ulipasuka ukashonwa zahanatini. Kipande cha jino huweza kubaki ndani ya nyama ya mdomo na ngozi ikafunga juu yake. Huenda kweli ni kovu, au tezi ndogo ya mate iliyoziba. Eksirei ya mdomo wenyewe, si ya meno, hutofautisha. Mwombeni daktari aifanye. Na lile jino lililojengwa, kupendeza kwake hakusemi habari za mshipa wake wa fahamu. Jino lililogongwa linaweza kufa ndani polepole, miezi au hata miaka baadaye, likageuka kijivu au likaota kijipele juu ya fizi. Jino la namna hiyo linaposogezwa kwa nyaya linahitaji kufuatiliwa kwa karibu. Uliza kama lilipimwa kabla ya kufungwa nyaya, na kama litapimwa tena.

Kuhusu wifi yako, sharti lake lilitokana na mapenzi na pia na pesa yake, na vyote viwili vinastahili jibu la kweli. Nadhani, na hapa unaweza kuniambia nimekosea, kwamba aliyewekewa sharti ni mumeo, kwa hiyo kulibeba wewe kila Jumapili si haki kwako. Baba ndiye wa kumpigia dada yake. Anaweza kumweleza yaliyojulikana sasa: kwamba kinga ilikuwa haifai nyaya, kwamba kuna ya kutengenezwa, na kwamba kijana atapumzika kukabana hadi iwe tayari, kama ndivyo mtakavyokuwa mmekubaliana. Hatari ni kwamba atakasirika na kusimamisha awamu zilizobaki, na nyaya zilizoachwa katikati bila kukazwa si salama kuliko raga. Kwa hiyo kabla ya simu hiyo jueni ni awamu ngapi zimebaki na ni kiasi gani mnaweza kukibeba wenyewe. Akiwa ni mtu wa maelezo, mwacheni azungumze na mpwa wake moja kwa moja. Vijana husema kwa shangazi mambo ambayo hawayasemi nyumbani.

Daktari wa nyaya hukutana naye kila baada ya wiki chache kukaza waya. Ziara ijayo nendeni na kinga ile, na vumbi lake na alama zake za meno, mumwonyeshe. Hilo litamaliza mjadala wa mahindi choma kwa dakika mbili. Kisha muulizeni mbele ya mwanao mambo matatu: mdomo wa chini, jino lililojengwa, na ni kinga gani anayoweza kuitengeneza itakayomruhusu namba tisa kupiga kelele.